Limfu haizunguki kama damu

Hapana mkuu, umesema limfu inazunguka mwilini kama damu, ila limfu (majimaji yanayopita kwenye mishipa yake yenyewe) inaenda njia moja tu. Mishipa yake inaanzia kwenye nyama ikiwa imeziba upande mmoja, inafyonza maji yanayovuja kwenye kapilari za damu (mishipa midogo kabisa), kama lita 3 hivi kwa siku, yanachujwa kwenye tezi za limfu halafu yanarudishwa kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) kubwa chini ya shingo. Kuta zake nyembamba kuliko za vena ila vali (vilango vya kuzuia isirudi nyuma) ni nyingi zaidi, na moyo hausukumi hiyo kitu, ni misuli ukitembea na mishipa yenyewe kujibana. Minyoo ya matende ikiiharibu ndo mguu unavimba vile. Nafundisha bailojia hapa Nyegezi, Mwanza, madogo wanachanganya sana hapo. Ila sio kila mguu kuvimba ni limfu, moyo na figo pia zinavimbisha.