Lango la simu 30 linalokwama kwenye simu ya 17

SWALI

Shikamoo fundi. Ninaangalia mitambo ya simu ya ofisi ya kukatia tiketi za boti na kupangisha nyumba za wageni hapa Langoni, Lamu. Kampuni ya simu inatuletea laini ya E1, laini moja ya kidijitali inayobeba simu nyingi pamoja, nayo inaingia kwenye lango la sauti, yaani mashine inayozivusha simu hizo kwenda kwenye mtandao wa data, ambalo karatasi yake inasema linabeba simu 30 kwa wakati mmoja. Kutoka hapo simu zinapita kwenye mtandao wetu hadi mezani ofisini, na kwa redio hadi madawati yetu ya Shela na Mokowe. Kodeki tunayotumia, yaani njia ya kuigeuza sauti kuwa data, ni G.729 kila mahali, kwa sababu aliyetufungia alisema redio haiwezi zaidi. Siku za kawaida hatuna neno. Lakini wiki ya Maulidi, simu zikifika 16, anayefuata anasikia mlio wa haraka wa kukataliwa. Muuzaji anatuambia tununue kadi ya pili ya E1, na bei yake si ndogo. Tununue?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Msinunue. Ngoja kwanza nikueleze ninavyoiona, kisha uipime mwenyewe hapo ulipo kabla ya senti moja kutoka.

Hiyo 30 uliyoisoma ni hesabu ya waya, si ya mashine. E1 hupitisha megabiti 2.048 kwa sekunde, zikagawanywa vipande 32 vya kilobiti 64 kila kimoja. Kipande namba 0 kinatumika kupatanisha mapigo ya pande mbili, namba 16 kinabeba ishara za kupiga na kukata, vinabaki 30 vya sauti, ndivyo tunavyoviita chaneli. Kila kadi ya E1 duniani ina 30 hizo, iwe imechomekwa kwenye mashine yenye nguvu au kwenye mashine iliyochoka.

Sasa fikiria boti ya abiria pale gatini. Ina viti 30, lakini jaketi za kuokolea maisha ni 16. Nahodha mwenye kufuata sheria atapakia watu 16 na kumwacha wa 17 kwenye ngazi, ingawa viti vitupu vinaonekana kwa macho. Ukimwongezea mabenchi, hujamwongezea jaketi. Kadi ya pili ya E1 ni mabenchi.

Jaketi katika lango la sauti ni chipu za kuchakata sauti. Kila simu inayovuka kutoka E1 kwenda kwenye mtandao inashika sehemu ya chipu tangu inapopokewa na lango mpaka inapokatwa. Hapo ndipo sauti inapokatwakatwa kuwa pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, mwangwi unapofutwa, na kodeki inapofanya kazi yake. Kodeki hazina uzito mmoja. Kodeki nyingine, G.711, huiacha sauti katika kilobiti 64 zilezile, kwa hiyo chipu haitoki jasho. G.729 inaibana hadi kilobiti 8, na kubana huko ni hesabu nyingi kila baada ya milisekunde chache, kwa kila simu, pande zote mbili.

Nikupe mfano wa namba za kweli. Cisco, watengenezaji wa vifaa vya mtandao, walikuwa na moduli ya chipu iitwayo PVDM2-32. Ukitumia G.711 inabeba simu 32. Ukitumia G.729A, ambayo ni G.729 iliyopunguziwa hesabu, inabeba 16. Ukitumia G.729 ya asili, 12 tu. Moduli ni ileile na jina lake ni lilelile, lakini lile 32 la kwenye jina ni la kodeki nyepesi. Hukunitajia mashine yenu ni ya nani, kwa hiyo sisemi ni hiyo. Ila G.729 na simu 16 zikitajwa katika sentensi mbili zinazofuatana, mimi huangalia chipu kabla ya kitu kingine chochote.

Usiniamini kwa maneno matupu. Fungua kumbukumbu za lango, yaani orodha ya matukio ambayo mashine hujiandikia yenyewe, utafute dakika ambazo wateja walikataliwa. Swali la kujiuliza ni moja: je, simu ya 17 ilionekana humo?

Simu inayoingia ikikuta chaneli za E1 zimejaa, inakataliwa huko huko kwenye mtambo wa kampuni ya simu. Haifiki kwenu kabisa, na kumbukumbu zenu zitakuwa kimya. Lakini ikikuta chaneli ipo na chipu hakuna, inafika mlangoni, lango linaipokea, linatafuta chipu, linakosa, ndipo linaikataa lenyewe na kuandika namba ya sababu. Namba hizo ni za kimataifa, zimepangwa katika kanuni ya Q.850. Ukiona 17, ni mtu tu alikuwa anaongea. Ukiona 34, maana yake hakuna chaneli iliyo wazi. Ukiona 47, ni upungufu wa rasilimali, na kwenye lango la sauti rasilimali hiyo mara nyingi ni chipu. Pamoja na hilo, mashine nyingi zina amri ya kuonyesha hali ya chipu. Iendeshe saa ya msongamano uone ngapi zimeshikwa na ngapi ziko wazi.

Kumbukumbu zikiwa kimya, basi nimekosea, na shida iko upande wa laini. Hapo piga simu kwa kampuni inayowaletea E1, uulize ni chaneli ngapi zimewashwa. Kampuni huuza pia sehemu ya E1, na mteja anaweza kukaa miaka akiamini ana 30.

Nimeshika sana jambo hili kwa sababu niliwahi kuitwa kwenye hoteli moja hapa Malindi baada ya kadi ya pili kufungwa. Walikuwa wamelipa kadi, wamelipa fundi, na wameanza kulipa kodi ya E1 ya pili kila mwezi. Simu zilikuwa zinakwama palepale zilipokwama mwanzo. Mhasibu wao, mama mtu mzima, aliniuliza kwa upole kwa nini hakuna aliyewaambia. Sikuwa na jibu la kumpa, na swali lake silisahau.

Tuseme sasa umethibitisha ni chipu. Dawa ya kwanza haina gharama. Simu zinazoishia mezani hapo Langoni hazipiti kwenye redio hata kidogo. Zinatoka kwenye lango, zinapita swichi, zinafika mezani kwa waya wa mita chache. Hakuna sababu ya kuzibana. Ziwekee G.711. Kama chipu zenu zinafanana na za mfano wangu, simu 20 za Langoni kwa G.711 na 6 za Shela na Mokowe kwa G.729A zinakula sehemu 20 na 12 za chipu, kwa kuwa kila simu ya G.729A hula sehemu mbili, jumla 32. Umetoka simu 16 ukafika 26, na wateja wa Langoni wataona sauti imesafika.

Ila kuna mtego hapa. Mashine kadhaa zina mpangilio unaozifunga chipu kwenye uzito mmoja. Ukiziacha zimefungwa kwenye uzito wa kati, hata simu ya G.711 itahesabiwa kama ya G.729A, nawe utabadilisha kodeki usione tofauti yoyote, kisha useme fundi wa Malindi amekudanganya. Tafuta mpangilio wa kunyumbulika, ule unaoipa kila simu kiasi inachohitaji. Badilisha usiku, maana kwenye mashine nyingine mpangilio huo hauguswi mpaka simu zote zikatwe.

Na je, redio kweli haiwezi G.711? Hapa aliyewafungia alikuwa na nusu ya ukweli. Piga hesabu pamoja nami. Kwa kawaida sauti hupakiwa kila milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde kila upande. Pakiti ya G.711 ina baiti 160 za sauti, na juu yake baiti 40 za anwani na mpangilio. Ukijumlisha na bahasha ya Etheneti unapata kilobiti 87.2 kwa sekunde kila upande. Ya G.729 ina baiti 20 tu za sauti, lakini baiti 40 za anwani haziepukiki, kwa hiyo inafika kilobiti 31.2. Umeibana sauti mara nane, lakini kwenye njia umeokoa chini ya mara tatu. Simu 10 za G.711 kwenda Shela na Mokowe hazifiki hata megabiti moja kila upande. Redio nyingi za siku hizi zinabeba hiyo bila kuhisi.

Kinachoziumiza redio ni wingi wa pakiti ndogo, kwa kuwa kila pakiti inasubiri zamu ya hewani, iwe kubwa au ndogo. Simu 10 ni pakiti 1,000 kwa sekunde ukijumlisha kwenda na kurudi, na kodeki haibadilishi idadi hiyo. Kinachoibadilisha ni muda wa kupakia. Ukipakia kila milisekunde 40, pakiti zinakuwa nusu, ingawa unaongeza ucheleweshaji wa milisekunde 20. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, na kutoka Langoni hadi Mokowe ni mkondo mwembamba tu wa maji, hivyo nafasi mnayo. Kabla ya hilo, hakikisha sauti inapewa kipaumbele kwenye redio. Alama yake, inayoandikwa kwenye kila pakiti, ni DSCP 46. Kama wageni wa Shela wanatazama filamu kwa redio hiyohiyo na sauti haina kipaumbele, hakuna kodeki itakayowaokoa.

Swali kubwa zaidi ni hili: mnahitaji simu ngapi hasa? Watu hununua kwa kukisia, nami sipendi kukisia na pesa za wenzangu. Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa mwaka 1917 kanuni ambayo bado tunaitumia. Chukua saa moja yenye msongamano mkubwa kuliko zote, uhesabu simu zilizoingia, uzidishe kwa wastani wa dakika za kila simu, ugawanye kwa 60. Tuseme wiki ya Maulidi mnapata simu 180 kwa saa, kila moja dakika 4. Hiyo ni dakika 720, sawa na erlangi 12, yaani wastani wa simu 12 zinazoendelea kwa wakati mmoja.

Erlangi 12 kwenye chaneli 16 zinakataliwa kama simu 6 katika kila 100. Ukiwa na chaneli 20, inakataliwa 1 katika 100. Ukiwa na 30, mnaweza kubeba erlangi 20.3 kwa kiwango hichohicho cha kukataliwa, ambazo kwa simu za dakika 4 ni kama 300 kwa saa. Labda E1 moja mliyonayo inawatosha kwa miaka, mkiipa tu chipu za kutosha.

Kanuni hiyo inadhani aliyekataliwa anakata tamaa. Mtu aliyetoka Mombasa na familia, anayetaka kujua kama boti ya jioni ipo, hakati tamaa. Anapiga tena palepale, na tena. Kwa hiyo simu 6 zilizokataliwa zinarudi zikiwa 10, na msongamano unajilisha wenyewe. Ndiyo maana mimi huwashauri watu wa usafiri wa baharini waweke chaneli chache zaidi ya zinazotoka kwenye hesabu.

Vilevile tazama prosesa, yaani ubongo unaoendesha lango zima. Simu zinazoendelea ni mzigo mmoja, simu zinazoanza ni mzigo mwingine. Bahari ikichafuka na safari ikiahirishwa, watu 15 wanaweza kupiga ndani ya sekunde chache, na kuanzisha simu kunailazimu prosesa ifanye kazi nyingi kwa mpigo. Kama lango hilohilo ndilo ruta yenu ya intaneti, ndilo linalosimba mawasiliano na ndilo linalochuja wavamizi, prosesa itazidiwa hata chipu zikiwa wazi. Mimi sipendi kuiona ikipita asilimia 70 saa ya msongamano. Ikipita, ihamishie kazi ya ruta mashine nyingine kabla ya kugusa chochote upande wa sauti.

Mikutano ya simu ya watu watatu na kuendelea, na simu zinazobadilishwa kodeki njiani, nazo zinakula chipu. Kama rekodi yenu ya salamu inakubali G.711 tu na simu inakuja kwa G.729, kuna chipu inatafsiri hapo katikati. Ihesabu. Na mashine iwe mahali penye hewa: vifaa vingi vya aina hii vimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40, na chumba kilichofungwa cha Langoni mchana wa Machi hakiko mbali na hapo. Feni zisafishwe, chumvi ya bahari haina huruma nazo.

Mkishabadilisha kodeki, mkafungua mpangilio wa chipu, na bado hesabu ya Erlang inadai zaidi ya mlichonacho, nunueni moduli ya chipu, si kadi ya E1. Mwulize muuzaji kwa maandishi: moduli hii inabeba simu ngapi kwa G.729A, ngapi kwa G.711, na je, lango letu lina nafasi ya kuichomeka? Akijibu kwa namba moja tu, mrudishie swali.

Nitumie namba za sababu ulizozikuta, pamoja na hesabu ya saa moja ya msongamano, tuipige pamoja kabla Maulidi hayajafika.