Maswali ya Wasomaji: Kuingiza Historia ya Dunia Katika Mwaka wa Historia ya Marekani

SWALI: Nawafundisha wanangu nyumbani hapa Pennsylvania, mmoja ana miaka 11, mwingine 15. Mwaka huu tunasoma historia ya Marekani, kuanzia Jamestown hadi karne ya 20. Sitaki wakue wakidhani kwingineko duniani watu walikuwa wamelala. Nimenunua kitabu kinene cha historia ya dunia, lakini ndiyo kwanza wiki ya tatu na tumeshachelewa katika vyote viwili. Nifanyeje? (Mama wa wawili)

JIBU: Hicho kitabu kinene, mama, kirudishe rafuni kiwe cha kutafutia mambo tu. Vitabu vya aina hiyo huanza na Mesopotamia na Misri ya kale, ilhali watoto wako wapo mwaka 1607, Waingereza walipoanzisha Jamestown. Vikisomwa sambamba havikutani hata siku moja, na mtoto hubaki na masomo mawili yasiyojuana.

Acha historia ya Marekani iendeshe mwaka. Ya dunia iingie pale tu ambapo tukio la Marekani halielezeki bila kuvuka bahari. Wiki 36 za masomo zinabeba sehemu kama 9 hivi za namna hiyo, wiki 3 kila moja, na hata hapo utabakiwa na wiki 9 za kufidia magonjwa, safari na uchovu.

Chukua chai iliyomwagwa bandarini Boston usiku wa tarehe 16 Desemba 1773. Vitabu vingi vya watoto hueleza kwamba wakoloni walichoshwa na kodi, basi. Lakini chai yenyewe, makasha 342, ilitoka China. Iliuzwa na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyokuwa na madeni makubwa na maghala ya London yaliyojaa chai isiyonunuliwa, huku njaa kuu ya mwaka 1770 ikiwa imeiangamiza Bengal, eneo la India lililokuwa likiipatia mapato. Sheria ya Chai ya 1773 ilitungwa kuiokoa kampuni hiyo, tena iliishusha bei ya chai. Hapo mwanao wa miaka 15 atauliza: sasa walikasirikia nini? Mrudishe nyuma kwenye Vita vya Miaka Saba, 1756 hadi 1763, vilivyopiganwa Ulaya, India, Karibi na hata Senegal, vikaiachia Uingereza deni ambalo Bunge lake lilitaka makoloni yasaidie kulilipa. Hoja ya wakoloni ilikuwa nani ana haki ya kuwatoza, hata kama kodi yenyewe ni ndogo.

Louisiana nayo isipite bila Haiti. Mwezi Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa kisiwani Karibi lililokuja kuwa Haiti, waliasi. Mwishoni mwa 1801 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alipeleka jeshi chini ya shemeji yake, Leclerc, kuwarudisha utumwani. Wapiganaji wa kisiwa na homa ya manjano wakalimaliza jeshi hilo, na Leclerc mwenyewe akafa Novemba 1802. Bila kisiwa hicho, ndoto ya Napoleon ya dola katika bara la Amerika haikuwa na maana tena, na mwaka 1803 akaiuzia Marekani eneo lote la Louisiana kwa dola milioni 15. Haiti ikajitangazia uhuru tarehe 1 Januari 1804. Mtoto anayejua haya huelewa kwamba ramani ya Marekani ilipanuliwa pia na watu ambao Marekani yenyewe ilikataa kuwatambua mpaka mwaka 1862.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, 1861 hadi 1865, visomwe pamoja na pamba. Meli za Kaskazini zilifunga bandari za Kusini, viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza, vikakosa malighafi, na Uingereza ikazigeukia India na Misri. Mkutanishe mtoto na Zanzibar pia: Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kitambaa cha merikani kutoka viwanda vya Massachusetts kilienea Afrika Mashariki hadi vita hivyo vilipokata ugavi wake.

Sehemu nyingine zinazofaa ni Waafrika waliofikishwa Virginia mwaka 1619 baada ya kutekwa Angola, njaa ya Ireland ya miaka ya 1840, na uhuru wa Ghana mwaka 1957, ambao Martin Luther King alihudhuria sherehe zake.

Kwa ratiba, toa siku nne kwa Marekani na moja kwa dunia. Mdogo asome kurasa 15 hadi 20 kwa vikao viwili vya dakika 25. Mkubwa asome sura nzima, na dakika kumi za mwisho mzungumze. Wiki ya kwanza ya kila sehemu ianze na ramani, ya pili iwe ya kusoma, ya tatu ya kuandika: sentensi tano kwa mdogo, ukurasa mmoja kwa mkubwa. Msisitize tofauti kati ya “wakati uleule” na “kwa sababu”. Mapinduzi ya Meiji nchini Japani yalitokea 1868, Marekani ikiwa inajijenga upya baada ya vita, lakini moja halikuzaa jingine, na ukurasa usiotenganisha mambo hayo urudiwe.

Bandika ukutani mstari wa nyakati wenye safu mbili, Marekani juu na dunia chini. Ukitumia sentimita 1 kwa kila miaka 2, kuanzia 1490 hadi 2000 unahitaji karatasi ya mita 2.55. Usiandike zaidi ya matukio manne ya dunia kwa kila sehemu. Ukijaza sana hakuna atakayeusoma.

Mkichelewa wiki mbili, futeni sehemu moja nzima. Kusoma maradufu ili kufidia ndiko kunakomchosha mtoto kufikia Novemba. Na kwa kuwa Pennsylvania inataka orodha ya vitabu vilivyosomwa kwa majina yake, andika kila kitabu siku mnayokisoma, hata kama ni sura moja tu.

SWALI: Kijana wangu yupo darasa la 10. Je, usomaji huu nauhesabu kuwa krediti ya historia ya dunia? (Baba, Texas)

JIBU: Hapana. Krediti, yaani kipimo cha kozi iliyokamilishwa katika sekondari, kwa desturi ni kama saa 120. Saa moja kwa wiki kwa wiki 36 ni saa 36 tu. Iandike krediti ya historia ya Marekani, na usomaji wa dunia uutaje katika maelezo ya kozi. Ukitaka nusu krediti, yaani saa 60, ongeza dakika 40 kila wiki na kazi za kuandika zenye alama. Saa moja usiihesabu katika kozi mbili; vyuo husoma maelezo hayo. Texas haikudai ripoti, lakini mkihamia jimbo kama New York utatakiwa kupeleka ripoti kila robo mwaka, kwa hiyo kumbukumbu zianze sasa.

SWALI: Nitajuaje kitabu cha dunia kinafaa kabla ya kukinunua? (Msomaji, Minnesota)

JIBU: Fungua faharasa mwishoni. Tafuta Haiti, Bengal na Angola. Kama Haiti ina mstari mmoja tu, kiache. Kisha soma kurasa mbili za katikati kwa sauti: kitabu kilichogawanywa visanduku na picha hakisomeki mfululizo, kinafaa kutazamwa tu. Kwa kijana wa miaka 14 na kuendelea, ongeza hati zenyewe: Tangazo la Uhuru la Marekani la 1776, Tangazo la Haki la Ufaransa la 1789, na Tangazo la Uhuru la Haiti la 1804. Hilo la tatu lina maneno makali sana dhidi ya Wafaransa, kwa hiyo lisome wewe kwanza, na mwanao alikute akiwa ameshajua utumwa wa mashamba ya miwa ulivyokuwa.