Kobayi (simbilisi) na lapeni (sungura) kibanda kimoja? Usijaribu

Ndugu zangu wafugaji, zaidi sisi wa huku Kadutu, mjini Bukavu, wenye parseli (kiwanja) kama kiganja, hii somo niliilipia mwenyewe. Nilikuwa na kobayi saba, nikanunua lapeni watatu, nikaona mbao za kibanda cha pili ni kupoteza feza bure, nikawatia wote pamoja, ju si wote wanakula majani? Kumbe shida iko palepale, wanakula majani yaleyale!

Lapeni ni mkubwa na ana mateke, ukitupa matembele anamaliza yale laini, kobayi wanabaki na vijiti. Na mwili wa kobayi hautengenezi vitamini C, ni kama sisi watu, lazima aipate kwenye majani mabichi, lapeni yeye anajitengenezea. Wiki chache tu kobayi wangu wamekonda, viungo vimevimba, wawili wakafa, na mimi nikaanza kufikiria mtu ameniroga (nilimwazia hadi jirani, Mungu anisamehe). Veterineri alipokuja akaniambia tena lapeni anaweza kubeba mikrobu (kijidudu) ya kifua isiyomsumbua yeye lakini ikamuua kobayi.

Mrusi mmoja, mtaalamu wa viumbe, Gause, aliandika mambo haya mwaka 1934, aliweka aina mbili za paramesia, vidudu vidogo sana vya majini, kila aina peke yake ikastawi, akizichanganya kwenye chupa moja na chakula kimoja, aina moja inaisha. Chupa haina pa kukimbilia, na kibanda changu vilevile. Angalia pale Kahuzi, hifadhi ya msitu karibu na Bukavu, gorila na sokwemtu wako msitu mmoja, gorila anashiba majani, magome na machipukizi ya mianzi, sokwemtu anazunguka akitafuta matunda. Tini wanazipenda wote wawili, lakini msitu ni mkubwa, wanakwepana.

Kwa hiyo tenganisha. Mimi nimerudisha kobayi chini jikoni kama bibi zetu walivyowafuga, wanapata majani mabichi asubuhi kabla ya mtu yeyote, lapeni wako nje na fungu lao kubwa nawapa jioni maana usiku ndio wanakula sana. Tangu hapo sijazika.

Sasa kuna mtu ananiuzia mbuzi jike, bei tamu kabisa, ila kwanza nahesabu mafungu ninayokata kila siku, ju mbuzi naye matembele hayaachi.