Re: Galaxy S20 FE yangu ni ipi kati ya hizi kwenye kanzidata?

Mkuu, umeuliza kwa nini ukurasa mmoja wa kanzidata ya simu unasema Samsung Galaxy S20 FE ina chipu (kichakataji) ya Exynos na mwingine Snapdragon wakati jina ni lile lile. Zote ziko sahihi. Tatizo ni wanaojaza kanzidata kupanga simu kwa jina la dukani badala ya namba ya modeli.

S20 FE zinazochanganywa sana ni tatu: SM-G780F (4G, Exynos 990), SM-G780G (4G, Snapdragon 865, ilitoka 2021) na SM-G781B (5G, Snapdragon 865). Mara nyingi F na G hubanwa ukurasa mmoja kwa kuwa zote ni 4G, halafu eti 128GB na 256GB ndizo zinapewa kurasa mbili! Kinyume kabisa cha kinachotakiwa.

Ingia Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu, soma namba ya modeli mpaka herufi ya mwisho. Hiyo "/DS" inayofuata ni alama ya laini mbili tu, usiihangaikie. Usiamini maandishi ya mfuniko wa nyuma kama simu imewahi kufunguliwa, maana mfuniko hubadilishwa.

Kava na betri (4500mAh) haziulizi herufi. Programu ya mfumo ndiyo inauliza: ukijaribu kuiwekea simu ya G programu ya F, Odin (programu ya kompyuta ya kupakia mfumo kwenye simu za Samsung) itaikataa. Ukiomba wasimamizi watenganishe kurasa, ambatanisha picha ya skrini yenye namba nzima.