Philip Glass: Kutoka Jukwaa la Opera Hadi Filamu

Swali: Ndugu Mhariri, niliitazama filamu ya The Hours nikavutiwa na piano yake inayojirudiarudia. Naambiwa mtunzi huyo huyo ameandika pia opera. Je, ni kweli, na alianzia wapi?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Ni kweli, ndugu msomaji. Philip Glass, Mmarekani aliyezaliwa Baltimore mwaka 1937, alijulikana kwanza jukwaani. Opera (yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ya Einstein on the Beach, aliyoibuni pamoja na mwongozaji Robert Wilson, ilionyeshwa mara ya kwanza Avignon, Ufaransa, mwaka 1976, na miezi michache baadaye ikafika New York katika ukumbi wa Metropolitan Opera. Hata hivyo haikumtajirisha, kwani aliendelea kuendesha teksi ili apate riziki. Mwaka 1980 ikafuata Satyagraha, inayohusu miaka ya Gandhi nchini Afrika Kusini na kuimbwa kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India.

Kwa upande wa filamu, niwie radhi, mimi naitanguliza Koyaanisqatsi ya mwaka 1982 mbele ya hiyo uliyoipenda. Haina mazungumzo, hivyo muziki ndio unaobeba simulizi, na baadhi ya picha zilihaririwa zifuate muziki. Baadaye alitunga muziki wa Kundun (1997) na The Hours (2002), nao uliteuliwa kuwania Oscar. Mtindo uliokuvutia ni uleule wa jukwaani: fungu fupi la noti hurudiwa, kisha huongezwa au kupunguzwa noti chache, hata msikilizaji ashtuke kwamba wimbo umekwisha kubadilika.