Mama mwenyekiti aliuliza majina

Swali la wiki hii linauliza kama adhabu kali huzuia uhalifu. Mimi linaloniuma ni hili: mbona mtu asiyewahi kuiba hata sindano yuko tayari kumuua mwizi mchana kweupe?

Adhabu kali tumekuwa nazo hapa Uganda. Mwaka 1999 walinyongwa watu 28 katika gereza la Luzira. Wizi wa kutumia silaha ulikuwa na hukumu moja tu, kifo, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake waliohukumiwa kifo, kwamba jaji asifungwe mikono, aweze kutoa adhabu nyingine. Na huku mtaani mwizi anajua kabisa kwamba akishikwa ni mawe na tairi, tena siku hiyohiyo. Bado anaiba. Basi jibu langu lilikuwa hapana.

Ila nakumbuka asubuhi moja hapa Arua, karibu na soko. Kijana alishikwa na simu ya mama muuza samaki. "Mwizi! Mwizi!" Watu wakajaa kama siafu. Tairi lilishaletwa, na wa bodaboda mmoja alikuwa anafyonza petroli kwenye tangi lake. Mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, mama mtu mzima, akapenya hadi katikati, akasimama mbele ya yule kijana aliyekuwa anavuja damu. Hakupiga kelele. Alifungua daftari, akamgeukia aliyeshika chupa ya petroli: "Mwanangu, jina lako nani? Unakaa kwa nani?" Kijana wa chupa akanyamaza. Akamuuliza wa pili, akamuuliza wa tatu. Waliokuwa nyuma wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, na aliyeleta tairi hakulirudia. Mwizi akapelekwa kituo cha polisi akiwa hai.

Wale hawakugeuka wema ghafla. Waliogopa kujulikana, na kushtakiwa. Kumbe adhabu inazuia, ilimradi mtu aamini kwamba itamfikia yeye kwa jina lake.

Kwa hiyo nabadili jibu: ndiyo, lakini si kwa kuongeza ukali. Kitanzi sikitaki. Nataka kila anayeua katika kundi afikishwe mahakamani, hata kama ni jirani yangu. Najua pia kwamba yule kijana alirudi mtaani kwa bondi, yaani dhamana ya polisi, kabla majeraha hayajapona, na mama wa samaki alilia kwa uchungu. Polisi na mahakama wasipofuatilia kesi kama ile mpaka mwisho, daftari la mwenyekiti halitatosha siku nyingine.