Joto la mchana baharini linahusianaje na mvua za wiki nyingi?

Swali: Ndugu mtaalamu, nasoma jiografia hapa Goma. Tumefundishwa kwamba uso wa bahari hupata joto mchana na kulipoteza usiku. Kama linapotea kila siku, linagusaje mzunguko wa Madden-Julian, yaani kundi kubwa la mawingu na mvua linalosogea mashariki karibu na ikweta na kurudi kila baada ya siku 30 hadi 60?

Jibu: Anza na ziwa lako. Saa nane mchana, siku isiyo na upepo, ingia Kivu mpaka shingoni. Mabega yako kwenye maji vuguvugu, miguu inasikia baridi. Bahari ya Hindi karibu na ikweta nayo iko hivyo. Anga ikiwa haina mawingu na upepo umelala, jua hupasha mita chache za juu, na uso wenyewe huweza kupanda hata nyuzi 3. Upepo ukiamka, maji yanakorogeka na joto hilo linazama.

Neno lililokupotosha ni “kupotea”. Tuseme alfajiri maji yana nyuzi 29, alasiri 31, usiku yanarudi 29. Wastani wa saa 24 umeshapanda kama nusu nyuzi, na mvuke uliotoka alasiri haurudi baharini kwa sababu jua limetua. Unalisha mawingu madogo. Hayaleti mvua ya maana, ila yanalowesha hewa ya juu kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka mawingu makubwa yapate pa kukulia. Hayo yakifika hufunika jua, pepo za magharibi huvuma kwa nguvu, bahari inakorogwa, na mambo yanaanza upya. Kundi zima la mvua husogea mashariki, takriban mita 5 kwa sekunde. Watafiti waliyafuatilia haya kwa meli na maboya katika misafara miwili ya utafiti: TOGA COARE katika Pasifiki (1992–1993), kisha DYNAMO katika Bahari ya Hindi (2011–2012).

Lakini usimwambie mwalimu wako kwamba joto la mchana ndilo linalozaa mzunguko huo, ambao Roland Madden na Paul Julian waliueleza mwaka 1971. Linauongezea nguvu tu; wengine hulikuza kupita kiasi.

Na ukipakua takwimu za setilaiti, tazama saa kwanza. Setilaiti ya infraredi (mionzi ya joto) hupima ngozi ya maji, yaani tabaka jembamba sana la juu kabisa; boya hupima chini zaidi. Ukilinganisha picha ya saa nane mchana na ya saa nane usiku, utachora ongezeko la joto ambalo ni la saa tu.